Baba Anapima Diski

Baba aliipima laptopu yangu kwa futi ya seremala. Alipima urefu, akapima upana, akaigeuza tumbo juu akapima na unene, kisha akavua miwani akaniuliza ndani ina ukubwa gani. Nilikuwa na kazi ya watu mezani, na mimi mtu akinishikia mashine nikiwa na kazi ya watu naona giza. Nikamwambia hii haipimwi hivyo, mzee, hiki si kigoda. Akasema kila kitu chenye nje kina ndani, na asiyejua tofauti ya hizo mbili hajui ameshika nini.

Kabla hamjamcheka, wacha niwaambie baba yangu ni mtu gani. Alitoka Ukambani akiwa kijana, tezo yake ndani ya gunia, na maisha yake yote amechonga miti kwenye kibanda kimoja ng'ambo ya Jogoo Road, pale wachongaji walipokuwa wakikaa safu kwa safu juu ya maranda. Wenzake walichonga twiga na vifaru, twiga na vifaru, mpaka nadhani hata mikono yao ilichoka kuwaona. Yeye alichonga visanduku. Kisanduku cha mti wa muhugu, ukubwa wa Biblia, kifuniko kina nakshi, na humo ndani, mahali fulani, kuna kijichumba usichokiona. Wageni walikuwa wakikigeuzageuza na kukitikisa, na wengi walikirudisha mezani wakidhani wamedanganywa.

Kukipata kile kijichumba kulikuwa na njia moja tu, na alitufundisha wote wawili, mimi na mdogo wangu, tukiwa tumeketi mlangoni pa nyumba yetu ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, hapa Mbotela. Unapima nje. Unatoa unene wa mbao. Unapima ndani. Ndani ikipungua, kuna chumba. Mimi sikuwa na subira na mambo hayo. Nilijikata kidole, nikairusha patasi mpaka kwa jirani, na ukawa ndio mwisho wangu na mbao. Mdogo wangu ndiye aliyeshika kazi. Alifika mahali anaficha chumba nyuma ya chumba, ili ukipata cha kwanza uridhike uache kutafuta. Krismasi moja alimpa Baba kisanduku cha namna hiyo, na Baba akakaa nacho mchana wote, anapima, anagonga kwa ukucha, ananusa gundi, mpaka akacheka akainua mikono. Sijawahi kumwona mtu akifurahia kushindwa namna ile. Mtoto wa Baba alikuwa yeye, hilo halikuwa siri kwetu, na Mama alipotangulia likazidi.

Biashara ya vinyago ilipolala, mdogo wangu akaenda kusomea kompyuta mjini. Akanunua laptopu, moja ya zile zinazoletwa zimeshatumiwa na watu wa ng'ambo, akaitengeneza, akaitunza kama yai. Baadaye akapata kazi Uarabuni kupitia ajenti mmoja. Karatasi zake zote alizipiga picha akazitia humo: pasipoti, mkataba, jina la kampuni, kila kitu. Wiki ya kuondoka akaifuta yote, akanipa. Akaniambia nimekusafishia, sasa ni yako, usiijaze upuzi wako wa matanga.

Upuzi wa matanga ndio unaonilisha. Mimi hutengeneza vitabu vya mazishi na filamu za mazishi, hasa za familia za magharibi ya nchi, ambazo maiti wao husafirishwa nyumbani na kila mtu lazima aonekane, kuanzia shangazi wa kwanza hadi kwaya ya mwisho. Ile mashine ilikuwa mkono wangu wa kulia, na mdogo wangu alijua.

Alipiga simu miezi ya mwanzo, kila mara kwa namba nyingine. Mara alisema amehamishwa, yuko mji mwingine, kazi si ile waliyoandikiana. Mara akasema tusiwe na wasiwasi, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye wasiwasi. Kisha simu zikaisha. Hazikupungua kidogo kidogo hata tukaanza kushuku. Ziliisha tu, na hizo namba zote nilizozihifadhi hakuna hata moja inayoita.

Tulimtafuta, msidhani tulikaa. Ofisi ya ajenti nilikuta imegeuka saluni, wanapaka wasichana rangi za kucha. Nilikwenda kwenye ofisi za serikali nikapangishwa foleni, nikafika kwa binti mpole aliyenisikiliza mpaka mwisho, na swali lake lilikuwa lile lile nililokuja kuulizwa kila mahali: mwajiri wake anaitwa nani? Mkataba uko wapi? Alinieleza bila jeuri kwamba watu walio huko ni wengi, na bila jina la mwajiri hawana pa kuanzia. Nilitaka kumgombeza nikashindwa, maana alikuwa anasema kweli. Karatasi moja tu ndiyo iliyokuwa kati yetu na mdogo wangu, na karatasi hiyo ilikuwa imekaa ndani ya mashine yangu kabla ya kufutwa.

Niliipeleka mashine kwa fundi mmoja hapo Makadara, mtu mstaarabu, huniita siz, yaani dada, japo nimemzidi umri sana. Akajaribu kurudisha vilivyofutwa. Mashine ilishinda kwake kutwa nzima, na alichoibua ni vipande vya kazi zangu mwenyewe: nusu ya jeneza, mguu wa mchungaji, shada la maua. Akasema vitu vyangu vilikuwa vimeandikwa juu ya vya mdogo wangu, na kilichoandikiwa juu hakirudi. Nikarudi nyumbani nikamwambia Baba. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupiga msasa mwiko wake, kwani siku hizi huchonga miko ya ugali ya akina mama wa mtaa. Nikadhani limekwisha.

Basi ikawa diski imejaa. Filamu moja ya mazishi inakula nafasi kuliko unavyodhani, na ile mashine ilifika mahali ukiiambia hifadhi inakuambia hakuna pa kuweka. Nikampigia fundi simu. Mikono yangu ilikuwa na gundi ya vitabu, kwa hiyo nikaiweka simu mezani, sauti juu. Akaniambia kuna nafasi ninayokaa nayo bila kujua. Ati kiwanda kinachounda laptopu hukata sehemu ya diski na kuificha, na kuweka humo nakala ya mfumo, ili mashine ikiharibika uirudishe ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Haionekani kwenye orodha ya kawaida, ukiibonyeza haikupi ruhusa ya kufanya lolote, lakini kwa mashine kuukuu kama yangu haina faida tena. Itoe, akasema, ujipatie nafasi. Ni chumba kilichofichwa tu, siz.

Baba alikuwa ameketi mlangoni na mwiko wake. Nilisikia msasa ukinyamaza.

Hivyo ndivyo futi ilivyofika juu ya laptopu yangu. Alipomaliza kupima nje, na kuona hiyo haimfikishi popote, akataka namba. Nilimjua hataondoka, nikamsomea. Chini, kwenye kibandiko cha mashine, kumeandikwa diski ni giga mia tano. Kwenye kioo, mashine inasema ina mia nne arobaini na moja. Akaandika zote mbili kwenye kiganja kwa penseli ya seremala, akatoa, akabaki anaangalia kiganja chake.

"Hamsini na tisa ziko wapi, mama?"

Huniita mama kwa kuwa nimechukua jina la mama yake, na akiniita hivyo kwa upole najua kuna jambo. Nikamweleza la kiwanda kama fundi alivyonieleza. Alinisikiliza vizuri. Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayemsaidia mtoto hesabu: mashine hii ilikuwa ya nani kabla yako? Na huyo mtu alijua kutengeneza nini? Na wewe unaamini mtoto niliyemfundisha mimi angefuta kila kitu aondoke kwenda mbali vile, asituachie hata mahali pa kuanzia?

Nikamwambia ndiyo, naamini. Nikamwambia kompyuta si muhugu. Nikasema mengi, na kwa sauti, mpaka jirani akachungulia. Lakini nitasema ukweli, maana sina haja ya kujipamba: nilitaka awe amesema kweli yeye. Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa amelitamka, na likishatamkwa siwezi tena kujifanya sikulisikia. Usiku ule ule ningeweza kuitoa hiyo sehemu nikapata nafasi yangu nikafanya kazi ya watu. Sikuigusa.

Tukakubaliana nitaifungua kwanza, ndipo niitoe. Alichagua Jumapili baada ya kanisa. Mimi nilikuwa nimeweka laptopu mezani, nina leso kichwani na chai pembeni, naye akaingia amevaa koti lake la ibada, akavua kofia, akasimama. Nikamwambia akae. Akasema tuombe. Akaomba kwa Kikamba, maombi marefu, akamtaja Mama, akawataja wazee wake, akaomba mikono yangu iongozwe. Mimi nilifumba jicho moja. Nilikuwa naogopa, na nikiogopa nakuwa mkali, kwa hiyo nilipomsikia amesema amina nikamwambia asogee basi, ananizibia mwanga.

Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Nikaandika kama fundi alivyonielekeza, diski ikanipangia sehemu zake moja moja, na kweli ilikuwepo moja isiyo na jina wala herufi, giga ishirini na kitu. Nikaipa herufi ili ifunguke. Ikafunguka kirahisi, bila kuuliza neno la siri. Baba alishika mgongo wa kiti changu.

Nilijua mara moja. Faili zote zilikuwa na tarehe za kitambo, kabla mdogo wangu hajaijua hiyo mashine, na majina yao yalikuwa yale majina ya kiwandani, herufi na namba zisizosomeka. Nakala ya mfumo, kama fundi alivyosema. Nikatazama chai yangu. Sikuwa na nguvu ya kugeuka nimtazame yeye.

Baba hakujua habari ya tarehe. Yeye aliona vitu vimo ndani, na chumba chenye vitu si chumba kitupu. Akanitaka nifungue kimoja baada ya kingine. Vingi havikufunguka. Kisha tukafika kwenye folda moja yenye maandishi ya masharti ya kutumia mashine, yale ambayo hakuna mtu anayeyasoma, na yalikuwa kwa lugha nyingi. Kijerumani. Kichina. Nyingine hata sikuzijua. Akauliza kama kuna Kikamba. Nikasema hapana. Kiswahili je? Hapana, Baba, sisi hawakutukumbuka. Nikaendelea kufungua kwa kuwa nilishaona ni rahisi kufungua kuliko kubishana, hadi ikaja moja ambayo maandishi yake yalianzia kulia.

Aliweka kidole kwenye kioo. "Hapo. Hicho si Kiarabu?"

Nikasema ni Kiarabu. Akashusha pumzi. Nikamwambia kila mashine duniani ina karatasi hiyo, mdogo wangu angekuwa ameenda Ujerumani, yeye Baba angekuwa ameonyesha kidole kwenye Kijerumani. Akasema lakini hakwenda Ujerumani.

Akataka ichapwe. Nikaichapa. Kuna mwalimu wa madrasa, mtaa wa pili kutoka kwetu, niliwahi kumtengenezea vyeti vya wanafunzi wake. Tulimpata mlangoni kwake. Alizipokea zile karatasi akazisoma akiwa amesimama, zote, hakuruka, na hapo katikati aliinua macho akanitazama mimi, nikatazama kando. Akamwambia Baba kwa heshima kwamba ni masharti. Yanasema mashine itumiweje na isitumiweje, na kwamba kampuni iliyoiunda haitawajibika kwa hasara yoyote itakayotokea.

Baba akamwomba arudie hapo mwisho. Akarudia.

"Hasara ya nani?"

"Ya yeyote, mzee wangu."

Hapakuwa na jina la mwajiri, wala mji, wala namba. Mwalimu alitukaribisha ndani, Baba akashukuru akasema siku nyingine. Njiani alizikunja zile karatasi akazitia mfuko wa koti, na nilimwonea huruma mpaka ikageuka hasira tena, kwa sababu mimi huruma hainikai vizuri.

Tulipofika nyumbani nilidhani atataka kulala. Badala yake akavuta kiti, akaniambia nitoe ile sehemu. Nilishangaa, nikamuuliza mbona sasa amekubali. Akanieleza bila haraka. Mdogo wangu hakuwa mtu wa chumba kimoja. Chumba cha kwanza huwa ni cha kumridhisha mwizi. Chenyewe kiko nyuma yake, na huwezi kukifikia mpaka cha mbele kitoke. Nikamwangalia mzee wangu amekaa na koti lake la Jumapili, anaeleza kwa utulivu kabisa jambo ambalo halipo, na kila kipande chake kimeshikana na kingine. Angekuwa anaropoka ningejua la kufanya.

Nikaitoa. Mashine ilikataa mara ya kwanza, ikasema sehemu hiyo inalindwa. Ikabidi niongeze neno moja mwishoni, neno la kuilazimisha, ikakubali. Kilichobaki ni nafasi tupu. Nikaiunganisha na nafasi yangu. Kwa kweli ni kazi ya muda mfupi sana, na kwa jinsi nilivyoihangaikia nafasi ile ningetegemea kufurahi.

Baba akaniomba nisome. Nikasoma: mia nne sitini na tano. Akatafuta penseli. Nilijua kinachokuja na nilitamani fundi angenionya. Akaandika kwenye kiganja, akatoa.

"Thelathini na tano," akasema. "Umeona? Bado."

Hiyo thelathini na tano, wacha niwaeleze kama nilivyojaribu kumweleza yeye, maana nilimpigia fundi simu palepale. Haipo. Kiwanda kikihesabu giga huhesabu kwa elfu, elfu. Mashine nayo huhesabu kwa elfu moja na ishirini na nne. Diski ni ile ile, ila wanaoihesabu ni wawili, na kila mmoja ana kipimo chake, kama gorogoro ya muuza mahindi na gorogoro ya mnunuzi. Tofauti hiyo haitoki hata ufanye nini. Unaweza kufuta kila kitu mpaka mashine isijue ni mashine, bado itakuambia mia nne sitini na tano.

Baba akasema anayepima kwa gorogoro mbili ni mwizi, na mtoto wake hakuwa mwizi. Kisha akaniambia, kwa upole ule ule, kwamba labda mimi sijui tu kukifungua, na si vibaya, kazi hii sikuwahi kuipenda.

Hapo nikapasuka. Nilimwambia kila kitu nilichokuwa nimekikalia. Nilimwambia mtoto wake hakuacha kitu. Hakuficha kitu kwa sababu hakuogopa kitu. Anayeficha ni mtu anayejua huenda asirudi, naye alijua atarudi, ndiyo maana alifuta, ndiyo maana alinipa mashine anacheka, ndiyo maana hakutuandikia hata jina la kampuni kwenye ukuta. Alifikiri anaenda kazini. Nilisema hayo nimesimama, na nilipomaliza nilikuwa nalia kwa hasira.

Baba akavaa kofia yake. Akasema amesikia. Akaenda mlangoni akachukua mwiko na msasa, akiwa bado na koti la ibada, na vumbi la mbao likawa linamwangukia mapajani.

Siku za kazi zikaja. Nafasi mpya ilinisaidia, siwezi kukana. Nikapata kazi ya familia moja ya Makadara waliokuwa wanamzika mama yao nyumbani magharibi, nikahariri filamu yao, nikabakiza mwisho tu, kwaya na shukrani. Baba hakuiulizia tena diski. Nilidhani maneno yangu yamemwingia. Jumamosi nikaenda mjini kuchukua karatasi ngumu za majalada, nikamwacha anakunywa uji, laptopu iko mezani imefunikwa kitambaa.

Niliporudi mchana jua lilikuwa kali na Baba alikuwa ameketi mlangoni. Ametandika gazeti chini. Laptopu imelala juu yake, tumbo wazi, na diski imetolewa, iko mapajani mwake, na kifuniko cha diski nacho kimetolewa. Skrubu zote zilikuwa zimepangwa kwa mstari, kubwa kwa ndogo. Zile skrubu zina kichwa cha nyota, hazishikwi na bisibisi ya kawaida. Alikuwa amepiga tupa msumari mpaka ukawa na nyota ya saizi ile. Hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Mtu yeyote anayefanya kazi hizi atawaambia diski haifunguliwi. Ikipigwa na hewa tu, na vumbi kidogo, imekwisha. Na hapa ilikuwa mlangoni Mbotela, magari ya Jogoo Road yanavuma, maranda ya mwiko yanapeperuka. Kazi ya ile familia ilikuwa humo. Vitabu vya watu, nyuso za watu, wafu wa mtaa mzima. Nilisimama na mzigo wangu wa karatasi, nikafungua mdomo nimgombeze.

Yeye akaanza. Alinieleza kama mtu anayeripoti kazi. Alitoa skrubu zote za pembeni na kifuniko hakikutoka. Akapapasa juu ya kibandiko kwa kidole, akasikia mahali pamebonyea. Akachana kibandiko, na chini yake kulikuwa na skrubu nyingine, imefichwa. Akasema alipoiona aliuweka chini msumari wake, akanitafuta kwa macho aniite, akakumbuka nimeenda mjini. Alikuwa amempata mtoto wake, akasema. Pale alijua amempata.

Sikumwambia kwamba kila diski ina skrubu hiyo.

Kisha akafungua. Alinisogezea nione. Ndani kulikuwa na sahani moja inang'aa, safi, na kimkono chembamba kimelala juu yake, na vumbi letu limeshaanza kutua. Pembeni ya goti lake ilikuwa futi. Alikuwa amepima. Alipima nje, akapima unene wa chuma kila upande, akapima ndani, akaandika kwenye kiganja, akafuta kwa mate, akaandika tena. Kiganja kilikuwa cheusi kwa penseli.

"Ndani inalingana na nje," akasema. "Nimepima kila upande, mama. Hayumo."

Akanitazama. Mimi humkatalia kila kitu, tangu nikiwa mtoto, hata akisema kuna baridi mimi husema kuna joto, na niliona wazi kwamba hicho ndicho alichokuwa anakingoja: niseme amekosea, niseme hakupima vizuri, nimgombeze nimwambie arudie. Niliweka karatasi chini. Nilitafuta neno la kumkatalia, na Mungu anajua nililitafuta kwa bidii.

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Hayumo."